Mpango Wake Anangoja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano. Kituo kidogo cha afya kilicho mwendo wa dakika kumi kutoka mpaka wa Malaba, upande wa Uganda, bado hakijafungua milango. Barabarani malori yamelala foleni tangu jana, na madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu. Ndani, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge kiunoni anapiga deki huku akinong'ona.

"U-na-m-ngo-ja," anasema, dekio likienda kushoto. "U-na-m-ngo-ja," likirudi kulia.

Ukimsikia kutoka mlangoni utadhani anasali. Ukimkaribia atacheka, ajifute jasho kwa kiganja, akuambie kwamba anasoma. Ukimuuliza anasoma nini, atacheka zaidi.

"Nasoma herufi moja," anasema. "Iko moja tu, lakini ilinisumbua kuliko watoto wote."

Huyu ndiye Felistus Ariokot, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, mfagizi. Hicho ndicho cheo kilichoandikwa kwenye karatasi yake ya mshahara, shilingi laki moja na themanini elfu za Uganda kwa mwezi. Karatasi hiyo haisemi kwamba kila Alhamisi, siku ya uzazi wa mpango, mama huyu huegemeza dekio ukutani na kusimama kati ya muuguzi na wanawake thelathini hadi arobaini, akigeuza maneno ya huyu yamfikie yule, mpaka saa tisa alasiri.

Muuguzi wa kituo anatoka magharibi ya Uganda. Anajua Kiingereza na lugha ya kwao, basi. Wagonjwa wake wanazungumza Kiteso, Kidhopadhola, Kisamia na Kiswahili cha mpakani.

"Bila Felistus mimi ni bubu mwenye sindano," anasema muuguzi huyo, aliyeomba tumwite Sista tu kwa kuwa yeye si msemaji wa wilaya.

Kiteso Ariokot amezaliwa nacho. Kidhopadhola alikipata kwa majirani, Kisamia sokoni Busia, na Kiingereza kwenye korido za hospitali. Kiswahili ni mali ya malori. Kwa miaka tisa aliuza chai na mihogo ya kuchemsha kwa madereva wanaosubiri kuvuka.

"Kiswahili yangu mimi natoa barabarani, si shule," anasema. "Shule niliacha darasa ya tano. Dereva anasema, mimi nashika. Yeye anacheka, mimi nauza."

Tumeyaacha maneno yake yalivyotoka kinywani, maana kisa chote kimo ndani ya namna hiyo ya kusema. Waswahili walishaonya kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ariokot alijikwaa ulimi mchana kweupe, kwenye simu, na nusura nyumba ya mwenzake ianguke.

Lakini kwanza yafaa msomaji ajue kwa nini mfagizi alijiingiza katika kazi isiyo yake.

Akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, Ariokot alipelekwa hospitali moja ya wilaya nyingine kujifungua mtoto wake wa tatu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ikabidi apasuliwe. Akiwa pale kitandani daktari aliuliza jambo kwa Kiingereza, na mtu aliyekuwa amesimama mlangoni akaligeuza kwa Kiswahili: "Mama, tukufunge?"

"Mimi nilikuwa nasikia tumbo inawaka," anakumbuka. "Nikafikiri wanataka kufunga kidonda na bandeji. Nikasema ndiyo, funga, funga haraka, damu anatoka mingi."

Walimfunga. Mtoto alipona na mama akapona. Yeye na mumewe, Olupot, walingoja mtoto wa nne mwaka wa kwanza, wakangoja wa pili. Katikati ya mwaka wa tatu muuguzi mmoja wa kanisa aliisoma karatasi aliyopewa hospitalini, akaikunja, kisha akamwambia kwa Kiteso ni kitu gani hasa kilichofungwa.

Ariokot haielezi siku hiyo kwa maneno mengi. Anasema alilia kuanzia pale hadi nyumbani, na bodaboda aliyembeba hakutaka nauli.

"Olupot hakuniacha," anaongeza, na hapo uso wake unakunjuka. "Watu walingoja aniache. Walingoja mpaka wakachoka, wakaenda kungoja mambo mingine."

Ndiyo sababu miaka minne iliyopita, Sista alipokuwa mgeni, Ariokot alisimama na dekio lake mlangoni na kuona jambo lililomkata maini. Sista alikuwa anaeleza. Mama mmoja kijana alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kila neno, kichwa. Swali, kichwa. Hata Sista alipokohoa, kichwa.

"Nikajua huyu hasikii kitu," anasema Ariokot. "Mimi pia niliitikia hivyo. Nikaweka dekio chini."

Toka siku hiyo hakuna aliyemwambia alishike tena siku ya Alhamisi.

Sasa tuje kwa Awor.

Awor ana miaka ishirini na saba. Ni Mjapadhola wa Mukuju, upande wa Uganda, binti wa mzee Ofumbi, mkulima wa mihogo na mtama. Ameolewa na Phillip Egesa, Msamia wa Busia ya Kenya, karani wa wakala wa forodha. Wanaishi Malaba ya Kenya, ng'ambo ya pili ya daraja la mpakani, na wana watoto wanne. Mtoto wa nne alipozaliwa Awor alivuja damu mpaka akapoteza fahamu, na Phillip mwenyewe ndiye aliyembeba mikononi hadi kwenye gari. Daktari aliwaambia mwili huo upumzike miaka mitatu, la sivyo mimba ya tano inaweza kuondoka na mama.

Phillip alisikia. Lakini kila Awor alipotaja uzazi wa mpango, jibu lilikuwa lile lile: "Tutaona."

Awor hakusubiri kuona. Alivuka daraja akiwa na kikapu, kana kwamba anakwenda Uganda kununua ndizi, akachomwa sindano ya miezi mitatu. Upande wa Kenya kuna vituo vizuri tu, ila muuguzi wa kituo cha karibu anasali kanisa moja na mama mkwe wake. Mwenye akili haambiwi zaidi.

Sindano ya kwanza ikapita salama, na ya pili ikapita. Siku moja kabla ya sindano ya tatu, mwaka jana, Ariokot alichukua daftari na kupiga simu za kuwakumbusha akina mama, kama afanyavyo kila Jumatano. Simu ya Awor ililia kwa muda, kisha ikapokewa na mwanamume. Ariokot akasita. Akaona asitaje sindano wala uzazi, maana siri ya mgonjwa ni siri. Alitaka kuwa mwangalifu, maskini. Akachagua neno moja tu ambalo wanawake wa kituo hulitumia wao kwa wao.

"Mwambie Awor," alisema kwa sauti ya heshima, "mpango yake anangoja yeye kesho saa tatu."

Halafu akakata, akapiga ya mwingine.

Msomaji mwenye masikio ya Kiswahili ameshashika kichwa. Kwa asiyeshtuka, na tumfafanulie. Kule Kenya, neno mpango likisimama peke yake mbele ya mume wa mtu halina sifa nzuri hata kidogo. Watu hulimalizia wenyewe kichwani: mpango wa kando, yaani hawara. Na huyu wa Ariokot hakuwa anasimama tu. Alikuwa *anangoja*, saa tatu, kesho.

"Niliganda," anasema Phillip, kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. "Nikajiambia, wacha nisikie vizuri. Lakini si nimesikia vizuri? Mtu anapiga simu kwangu, ananituma mimi, mimi mwenyewe, nimpelekee bibi yangu ujumbe wa mpango wake! Hiyo ni madharau ya hali ya juu, bro."

Hakumwambia mkewe neno, na Awor akaikosa siku yake. Kesho yake, saa tatu kasoro, alikuwa getini pa kituo, kwa kuwa namba iliyopiga ilikuwa imeandikwa kwenye bango la pale, analolipita kila anapovuka kikazi. Getini alikaa Otai, askari wa kituo, mzee wa miaka sitini na minane, akitafuna hindi la kuchoma. Ariokot alikuwa amemwagiza kwamba Awor akifika ampitishe mlango wa nyuma asionekane.

"Nani anamngoja Awor hapa?" aliuliza Phillip.

"Ni mimi," alijibu Otai kwa uchangamfu. "Mwambie apite nyuma."

Kilichofuata Otai hukisimulia mpaka leo, na kila mara hindi huwa kubwa zaidi. Alikamatwa ukosi, kofia ikaruka, hindi likaenda zake. "Mimi nikafikiri, huyu mtu ananipenda kwa nini hivi?" anasema. Watu waliamua ugomvi. Phillip alimtazama mzee juu hadi chini, akaona hapana, haiwezekani, mke wake ana macho. Akaingia ndani kumtafuta mpango mwenyewe.

Sista alitoka. Phillip akauliza kwa Kiingereza mke wake anafuata nini pale. Sista akamjibu kama sheria ya kazi inavyotaka, kwamba kituo hakitaji nani anakuja wala anafuata nini. Lilikuwa jibu sahihi. Kwa mume mwenye wivu lilikuwa sawa na kumwagia petroli moto.

Ariokot alikuwa amesimama kwenye korido, dekio mkononi. Aliitambua sauti. Anasema alilishika lile dekio kwa mikono miwili lisije likaanguka, yeye akafuata.

Ijumaa asubuhi Awor aliwekwa kwenye bodaboda na mtoto mdogo, na nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akarudishwa kwa baba yake Mukuju. Aliulizwa mpango wake ni nani. Angejibu kwamba hakuna mtu, aambiwe ataje basi ni kitu gani. Angetaja sindano, ajulikane kwamba hakuingoja ile "tutaona" ya mumewe. Alichagua kunyamaza, na ukimya ukamhukumu.

Ariokot alikwenda kukiri kwa Sista siku hiyo hiyo.

"Ungekuwa muuguzi ningekuandikia barua ya onyo," Sista alimwambia. "Wewe ni mfagizi. Nitakuandikia nini?"

Maneno hayo, anasema Ariokot, yalimuuma kuliko barua. Kazi aliyoifanya miaka mitatu haikuwa na jina, hata la kulaumiwa kwalo. Lakini Sista alimpa pia agizo moja, naye akalishika: usimwambie yule mume chochote mpaka mwenye mwili wake aseme ndiyo.

Hapo ndipo palikuwa na mtego. Ariokot akinyamaza, Awor ni mzinzi. Akisema kweli, Awor ni mke aliyemficha mumewe. Na siku zilikuwa zinakwenda. Sindano ikipitiliza tarehe yake bado kuna wiki nne za nyongeza, na baada ya hapo kinga haipo tena. Kama Phillip angemrudisha mkewe mwezi wa pili kwa hasira au kwa mapatano, mimba ya tano ingeweza kuja kabla ya mwili kupona.

Wiki mbili zilipita. Phillip hakupokea simu za mtu. Jumamosi ya tatu Ariokot alipanda bodaboda hadi Mukuju, akamkuta Awor anapalilia mihogo. Walizungumza Kidhopadhola.

"Mama, ulimwambia nini hasa?" Awor alimuuliza.

Ariokot akarudia sentensi yake neno kwa neno. Awor akaisikiliza. Akamwomba arudie. Wanawake hao wawili, wote wa upande wa Uganda, waliirudia sentensi ile mara nne katikati ya mihogo, wasione kosa liko wapi.

"Hapo hakuna mwanamume," Awor alisema mwishowe, ameshangaa kabisa. "Phillip amemtoa wapi?"

Ariokot akamwomba radhi kwa kosa asilolijua. Akamuuliza kama anamruhusu aseme kweli mbele ya wazee. Awor aliinama, akang'oa gugu moja, akang'oa la pili. Kisha akasema: "Sema kwamba hakuna mtu. Ya sindano nitasema mimi."

Kikao cha wazee wa pande mbili kilifanyika Jumamosi iliyofuata nyumbani kwa mzee Ofumbi. Zilikuwa zimebaki siku tano tu za zile wiki nne. Phillip alikuja na baba yake mdogo, Mwalimu Egesa, mstaafu aliyefundisha Kiswahili shule za msingi za Kenya kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa kuwa Wajapadhola, Wasamia na Mteso mmoja hawana lugha ya pamoja zaidi ya hiyo, kesi ikasikilizwa kwa Kiswahili. Mungu naye ana utani wake.

"Mama," alisema mzee Ofumbi, "sema vile ulisema kwa simu. Usiongeze, usipunguze."

Ariokot alisimama, akaunganisha mikono mbele. "Nilisema, mwambie Awor mpango yake anangoja yeye kesho saa tatu."

"Si mmesikia!" Phillip aliruka kutoka kwenye kiti. "Mmesikia wenyewe!"

Upande wa Ofumbi hawakuwa wamesikia kitu. Walitazamana. Lakini Mwalimu Egesa alikuwa ameshika paji la uso, mabega yanatikisika. Phillip alidhani baba yake mdogo analia kwa aibu ya ukoo.

"Rudia, mama," alisema Mwalimu. Akarudia. "Huo mpango ni mtu au ni kitu?"

"Ni kitu, Mwalimu."

"Sasa mbona umeupa miguu?"

Mwalimu akamgeukia Phillip, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mwanangu, huyu mama hakusema bwana. Huyu mama hana ngeli! Kwetu mpango *unangoja*, ni shughuli. Ukisema mpango *anangoja*, huyo ni mwanamume na amevaa viatu. Kwao Uganda kila kitu ni *ana*. Kiti anavunjika, mvua ananyesha. Umemfukuza mke kwa sababu ya herufi a!"

Wazee walicheka. Mama yake Awor, aliyekuwa amekaa kando na macho makavu kwa wiki tatu, alicheka mpaka akajifunika leso usoni. Ulimi hauna mfupa, tunajua. Siku hiyo ilithibitika kwamba wa wengine hauna hata ngeli.

Phillip ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Sawa," alisema taratibu. "Kama ni kitu, ni kitu gani?"

Kicheko kikakatika. Macho yote yakamwendea Ariokot, mkalimani. Alilijua jibu kwa lugha tano. "Hiyo si yangu ya kutafsiri," alisema, akaketi.

Awor akainuka, mtoto mgongoni.

"Ni sindano, Baba Nabwire," alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Sindano ya kupanga uzazi. Nimechoma mara mbili. Nilikuficha, na kwa hiyo nisamehe. Lakini ile siku wewe ulinibeba, uliona damu kwa mikono yako. Daktari akasema, wewe ukasema tutaona. Mimi nilikuwa nimeshaona."

Phillip alitoka nje. Alisimama karibu na pikipiki iliyomleta, amewapa mgongo, na hakuna aliyemfuata. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakuketi kwenye kiti chake. Aliketi kwenye mkeka, karibu na mkewe.

"Sikukataa kwa roho mbaya," anatuambia sasa, na sauti yake inashuka. "Dada yangu alichoma hiyo sindano. Alipoacha, alikaa miaka mitatu bila mtoto, bwana yake akamfukuza. Niliogopa. Niliogopa na nikajifanya mwanaume."

Alhamisi iliyofuata, siku ya mwisho ya zile wiki nne, walikuja wote wawili kupitia geti la mbele. Otai aliona, akashika kofia yake kwa mikono yote miwili.

Chumba cha Sista kina viti viwili, cha Sista na cha mgonjwa. Phillip aliletewa benchi. Ariokot, kama kawaida, alisimama. Phillip anaelewa Kiingereza cha kutosha, lakini aliomba kila neno lipite kwa Ariokot, asije akaambiwa tena kwamba alisikia vibaya. Akauliza habari ya dada yake bila kuzungukazunguka.

Sista alijibu bila kuficha. Ni kweli kwamba baada ya kuacha sindano hii uzazi unaweza kuchelewa kurudi, miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi kidogo. Lakini hauharibu kizazi, na mtu akikaa miaka mitatu inafaa wapimwe wote wawili. Je, mume wa dada alipimwa?

Phillip alifikiri. "Hakuna mtu aliwahi kuuliza hivyo," alisema.

Kisha Sista akawaeleza njia zote: vidonge, sindano, vijiti vya mkononi, kitanzi, mipira. Alipofika kwenye kufunga uzazi, Ariokot alifanya kama afanyavyo kwa kila mama tangu aanze kazi hii. Neno hilo halitafsiri kwa neno moja. Alisema mirija itakatwa, hutapata mimba tena, hairudi nyuma, na si bandeji. Halafu akamwomba Awor arudie kwa maneno yake mwenyewe. Wanawake wengine hukasirika kuulizwa kama watoto wa shule. Ariokot hajali.

"Sindano si mbaya, na kufunga si mbaya," anasema. "Iko wanawake wanakuja kutaka kufunga, wamechoka, wanaenda wamefurahi. Mbaya ni kukubali kitu hujui."

Awor alichagua kuendelea na sindano, na mwaka mmoja na zaidi umepita. Haijawa asali tupu. Kuna kipindi siku zake zilipotea kwa miezi minne, akaja mbio akidhani ni mimba, akapimwa, akaelezwa kwamba sindano hufanya hivyo kwa wengi. Mama mkwe wake bado hajaambiwa, na Phillip anasema siku hiyo naye atahitaji mkalimani. Lakini Awor ameongezeka mwili, amefungua genge la mboga karibu na daraja, na kitinda mimba wake, aliyempeleka Mukuju mgongoni, sasa anakimbiza kuku.

"Nalala usingizi," anasema Awor. "Zamani nilikuwa nalala nikihesabu tarehe."

Kituo nacho kimejifunza. Siku hizi Ariokot akipiga simu na kupokewa na mwingine, haachi ujumbe. Anasema ni mama wa maharage, atapiga baadaye. Namba moja tu haina sharti hilo, kwa sababu wenyewe, mke na mume, waliomba hivyo.

Kila Jumamosi mchana Ariokot huvuka hadi Busia ya Kenya, nyumbani kwa Mwalimu Egesa, anakofundishwa kusoma na kuandika upya, na ngeli. Mwalimu hachukui malipo. Anasema katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, hakuwahi kuona mwanafunzi aliyejua kwa uchungu hivyo tofauti ya *a* na *u*.

Ariokot ameshaandika jina lake kwa ajili ya mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijiji, wanaoruhusiwa kuchoma sindano hiyo nyumba kwa nyumba na kuwafundisha akina mama kujichoma wenyewe. Anajua wanataka mtu anayesoma vizuri. Anasema ifikapo siku ya usaili atakuwa anasoma. Na kuna jambo jingine analolitaka, dogo, ambalo amelifikisha kwa Sista, na Sista amelifikisha wilayani kwa barua: kiti cha tatu.

"Mkalimani akisimama, mama anafikiri ni mtu anapita tu," anasema. "Nikae. Ajue niko hapo kwa yeye, na siendi mpaka aelewe."

Saa tisa alasiri. Deki imekauka. Ariokot anafungua daftari kwenye baraza, Otai akiwa amesogeza kigoda chake karibu, maana simu hii haikosi. Anapitisha kidole hadi kwenye jina la Awor, anavuta pumzi, anapiga. Inalia mara tatu.

"Haloo," anajibu Phillip.

"Mwanangu, habari ya mchana. Mwambie Awor…" Anafumba macho. Midomo yake inaonja neno kwanza. "Mpango wake unamngoja kesho saa tatu."

Upande wa pili zinasikika honi za malori. Kisha kicheko.

"Mathe! Leo umepita mtihani!" anapaza sauti Phillip. "Lakini wacha nikuulize tena, nisije nikamkamata mzee wa watu. Hapo kituoni hakuna mtu anayemngoja bibi yangu?"

Otai anashika kofia. Ariokot anafumbua macho, anaukazia macho mlango wa chumba cha Sista, na kujibu polepole, kila herufi mahali pake.

"Mpango unamngoja," anasema. "Anayemngoja ni mimi."